John Peter Zenger: mtoto mkimbizi aliyefungwa kwa kupiga chapa ukweli

Huenda jina la John Peter Zenger ni geni kwako. Hakuwa mfalme wala jenerali, na hakuwahi kuandika kitabu cha falsafa. Alikuwa fundi wa kupiga chapa, mtu wa kupanga herufi za risasi moja moja na kuchafuka wino mikono. Aliingia New York mwaka 1710 akiwa na umri wa miaka 13, katika meli zilizobeba wakimbizi, na baba yake alikuwa amefia njiani. Miaka 25 baadaye alisimama kizimbani katika mji huohuo, akishtakiwa kwa sababu gazeti lake lilimkosoa gavana.

Kesi yake bado inafundishwa katika vyuo vya sheria. Tunakuletea maisha yake kwa sababu swali lililokuwa mbele ya mahakama siku ile bado lipo mbele yetu: je, mtu anaweza kuadhibiwa kwa kusema jambo la kweli kuhusu mkubwa wake?

Kutoka mto Rhine hadi mahema ya London

Zenger alizaliwa mwaka 1697 katika nchi ya Palatinate, ukanda wa mto Rhine ambao leo uko kusini magharibi mwa Ujerumani. Nchi hiyo ilikuwa njia ya majeshi. Miaka michache kabla hajazaliwa, wanajeshi wa Ufaransa walichoma miji na vijiji vyake. Alipokuwa mtoto vita vingine vilizuka, na watu wakaendelea kutozwa kodi na kunyang'anywa chakula cha kulisha majeshi. Kisha ukaja msimu wa baridi wa mwaka 1708 hadi 1709, mkali kuliko ambavyo wazee waliweza kukumbuka. Mito iliganda na mizabibu, iliyokuwa tegemeo la wakulima wengi, ikafa.

Mwaka 1709 watu wapatao 13,000 waliteremka mto Rhine hadi bandari ya Rotterdam, na kutoka huko wakavuka bahari hadi London. Walikuwa wamesikia kwamba Malkia Anne wa Uingereza angewapa ardhi Amerika. Serikali ilipiga mahema nje ya mji, ikagawa posho na mkate, na wakazi wa London wakachanga pesa na nguo. Lakini miezi ilipopita, manung'uniko yalianza. Baadhi ya wenyeji walisema wageni wanashusha ujira na kupandisha bei ya mkate. Kama umeishi kambini au katika kijiji kilichopokea wakimbizi, hadithi hiyo unaifahamu.

Mwishowe serikali iliamua kuwapeleka wapatao 2,800 kati yao New York, koloni la Uingereza wakati huo. Haikuwa zawadi. Walitakiwa kutengeneza lami kutokana na misonobari, kwa ajili ya meli za kivita za Uingereza, mpaka gharama za kuwasafirisha na kuwalisha zilipwe. Homa ya meli, ile inayoenezwa na chawa katika msongamano, iliua mamia. Baba yake Zenger alikuwa mmoja wao. Waliobaki walishushwa katika kisiwa kidogo mbele ya mji na kuwekwa karantini ndani ya mahema.

Mwanagenzi

Mama yake, Johanna, alifika New York akiwa mjane mwenye watoto, katika nchi ambayo lugha yake hakuijua. Gavana wa wakati huo, Robert Hunter, aliamua kwamba watoto wa wakimbizi waliofiwa wagawiwe kwa mabwana wa kuwafundisha kazi. Makumi ya watoto waligawiwa hivyo, na wengine walichukuliwa ingawa mzazi mmoja alikuwa hai. Mwezi Oktoba 1710, Peter alifungwa kwa mkataba wa miaka 8 kwa William Bradford, mpiga chapa wa serikali. Bradford angempa chakula, malazi na ujuzi, naye angefanya kazi bila mshahara.

Hapo ndipo kijana huyu, ambaye Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake, alipojifunza kazi ya kupanga herufi za Kiingereza. Mkataba ulipoisha alihamia koloni la Maryland, akaoa, na mwaka 1720 akapewa uraia huko. Mke wake alifariki mapema. Alirudi New York akiwa mjane, na mwaka 1722 akamwoa Anna Catharina Maulin. Mwaka uliofuata aliandikishwa kuwa mkazi huru wa mji, hadhi iliyompa haki ya kufanya biashara na kupiga kura. Mwaka 1726 alifungua karakana yake. Kazi zilikuwa chache: vitabu vya dini, vingi vikiwa vya Kiholanzi, na mwaka 1730 kitabu cha hesabu. Kazi za serikali, zenye malipo ya uhakika, zote zilikwenda kwa bwana wake wa zamani.

Gavana anayedai nusu ya mshahara

Mwaka 1731 gavana wa New York alifariki. Kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, mzee wa baraza aitwaye Rip Van Dam alikaimu nafasi hiyo na kupokea mshahara wake. Agosti 1732 akafika gavana mpya kutoka Uingereza, William Cosby. Moja ya mambo aliyoyafanya mapema ni kudai nusu ya fedha alizolipwa Van Dam. Van Dam alijibu kwamba yuko tayari, mradi Cosby naye amgawie nusu ya mapato aliyoyapata kwa cheo hicho akiwa bado Uingereza. Kwa hesabu za Van Dam, Cosby ndiye aliyekuwa anadaiwa.

Cosby alitaka kwenda mahakamani, lakini alijua kwamba kama kesi ingeamuliwa na wananchi wa kawaida angeshindwa. Hapa inafaa tueleze kidogo. Katika sheria ya Kiingereza ya wakati huo kesi nyingi ziliamuliwa na baraza la raia 12 waliokula kiapo. Si kama wazee wa baraza wanaomshauri hakimu tu. Hawa wenyewe ndio waliotamka kama mtu ana hatia au hana. Ili kulikwepa baraza hilo, Cosby aliwaagiza majaji watatu wa Mahakama Kuu wakae kama mahakama maalumu isiyotumia raia. Wawili walikubali. Jaji Mkuu, Lewis Morris, alikataa, akasema gavana hana mamlaka ya kuunda mahakama kwa amri yake mwenyewe, na akachapisha maoni yake ili umma uyasome. Aliyempigia chapa ni Zenger.

Mwezi Agosti 1733 Cosby alimfukuza Morris na kumweka James DeLancey, kijana aliyekuwa upande wake. Morris aligombea kiti cha bunge la koloni mwezi Oktoba. Siku ya kura, msimamizi wa uchaguzi aliwazuia Waquaker 38 waliokuja kumpigia, kwa kisingizio kwamba hawakutaka kula kiapo, wakati alijua fika kwamba dini yao inakataza viapo. Morris alishinda hata hivyo.

Gazeti la pili

New York ilikuwa na gazeti moja tu, la Bradford, na Bradford alikula mkate wa serikali. Habari za Waquaker kunyimwa kura zisingetoka humo. Kwa hiyo Morris na wenzake, hasa wakili James Alexander, walimwendea Zenger. Tarehe 5 Novemba 1733 toleo la kwanza la New-York Weekly Journal lilitoka, na taarifa ya uchaguzi ule ilikuwa ndani.

Elewa vizuri nafasi ya Zenger hapa. Makala nyingi hakuziandika yeye. Ziliandikwa na mawakili na wanasiasa waliojificha nyuma ya majina ya bandia. Lakini kwenye ukurasa lilichapwa jina moja tu, la mpiga chapa. Kama kungekuwa na kesi, ingemwangukia yeye.

Gazeti lilisema mambo mazito. Lilisema majaji wanafukuzwa kwa matakwa ya mtu mmoja, mahakama zinaundwa bila ridhaa ya bunge, watu wananyimwa haki ya kuhukumiwa na raia wenzao, na wenye haki ya kupiga kura wanazuiwa. Pia lilikuwa na kejeli. Lilichapa matangazo ya uongo na kweli ya mbwa na nyani waliopotea, na kila msomaji wa New York alijua ni wapambe gani wa gavana wanaotajwa. Watu walilinunua kwa wingi.

Karatasi zinachomwa, fundi anakamatwa

Januari 1734 Jaji DeLancey aliwataka raia wa baraza la mashtaka wamshtaki mchapishaji. Walikataa. Mwezi Oktoba akajaribu tena, na tena walikataa. Bunge lilipoombwa kuunga mkono, nalo lilikaa kando.

Wakuu wakachagua njia nyingine. Novemba 1734 baraza la gavana liliagiza matoleo manne ya gazeti yachomwe hadharani na mchapa viboko wa mji. Viongozi wa mji walikataa kuhudhuria na wakakataa mtumishi wao asitumike. Mkuu wa polisi wa mji, aliyekuwa mtu wa gavana, alimwamuru mtumwa wake mweusi aziwashe. Mtu huyo, ambaye jina lake halikuandikwa, alichoma magazeti yaliyozungumzia uhuru ambao yeye hakuwa nao hata chembe.

Tarehe 17 Novemba Zenger alikamatwa na kufungwa ndani ya jengo la City Hall. Mwanzoni alinyimwa kalamu, wino, karatasi na wageni. Dhamana ilipangwa kuwa pauni 400, pamoja na wadhamini wawili wa pauni 200 kila mmoja. Zenger aliapa kwamba, ukiondoa vifaa vya kazi na nguo alizovaa, mali yake yote haifiki pauni 40. Marafiki zake walikuwamo matajiri, lakini dhamana hiyo haikulipwa. Alikaa ndani zaidi ya miezi 8.

Anna

Sehemu hii ya hadithi mara nyingi hupitwa haraka, na haistahili kupitwa. Zenger alipofungwa, gazeti lilikosa kutoka wiki moja tu. Wiki iliyofuata lilitoka, likieleza wasomaji kwa nini halikuonekana, na likaahidi kuendelea kwa maelekezo ambayo mhariri angeyatoa kupitia tundu la mlango wa gereza.

Aliyesimama upande wa pili wa tundu hilo alikuwa mke wake, Anna. Naye alikuwa mhamiaji mwenye asili ya Kijerumani. Alikuwa na nyumba ya watoto na karakana. Kila wiki alikwenda gerezani, akasikiliza, akarudi, na mashine ikaendelea kufanya kazi. Kama wakuu walidhani kumfunga mtu mmoja kungelinyamazisha gazeti, Anna aliwaonyesha kwamba walikosea hesabu.

Gavana alikuwa ametoa zawadi ya fedha kwa atakayewataja waandishi wa kweli. Zenger aliwajua, na kwa kuwataja angeweza kujinusuru. Hakuwataja.

Kesi ya tarehe 4 Agosti 1735

Kwa kuwa raia walikuwa wamekataa kushtaki mara mbili, Mwanasheria Mkuu, Richard Bradley, alifungua mashtaka kwa mamlaka yake mwenyewe mwezi Januari 1735. Kosa liliitwa kashfa ya uchochezi. Mwezi Aprili mawakili wa Zenger, Alexander na William Smith, walipinga uhalali wa majaji, kwa kuwa waliteuliwa kwa ridhaa ya gavana peke yake. DeLancey aliwajibu kwa kuwafuta wote wawili katika orodha ya mawakili. Zenger akapewa wakili mwingine, kijana aitwaye John Chambers.

Chambers hakulala. Siku ya kuchagua raia 12 ilipofika, karani alileta orodha iliyopikwa. Ndani yake walikuwamo watu wenye vyeo kutoka kwa gavana, na hata mwoka mikate wake, fundi wake wa nguo na fundi wake wa viatu. Chambers alipinga, na mahakama ikakubali orodha ya halali itumike. Bila hatua hiyo ndogo ya utaratibu, hotuba zote zilizofuata zingekuwa bure.

Siku ya kesi, mzee mmoja aliinuka katikati ya watu. Alikuwa Andrew Hamilton, Mskoti aliyehamia Amerika, Spika wa bunge la Pennsylvania, aliyehesabiwa kuwa wakili hodari kuliko wote katika makoloni. Alikuwa amesafiri kutoka Philadelphia akiwa mgonjwa, na hakutaka malipo.

Ili uone uzito wa alichokifanya, inabidi ujue sheria ilisemaje. Chini ya sheria ya wakati huo, ukweli haukuwa utetezi. Kilichoangaliwa ni kama maneno yanaishushia serikali heshima. Kama maneno hayo ni ya kweli, kosa lilionekana kuwa kubwa zaidi, kwa hoja kwamba kashfa ya kweli huwakasirisha watu zaidi ya ile ya uongo. Tena kazi ya raia 12 ilikuwa kujibu swali moja tu: je, mshtakiwa alichapa karatasi hizi? Kama maneno ni kashfa au si kashfa, hilo lilikuwa la jaji.

Mwanasheria Mkuu alikuja na mashahidi wa kuthibitisha kwamba Zenger ndiye aliyechapa. Hamilton alisimama na kukiri papo hapo: ndiyo, mteja wangu alichapa. Mashahidi wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Mwanasheria Mkuu alidhani kazi imekwisha. Hamilton akaonyesha neno moja katika hati ya mashtaka. Serikali yenyewe ilikuwa imeandika kwamba maneno yale ni ya uongo. Basi, akasema, na wathibitishe uongo huo. Na kama hawawezi, yeye yuko tayari kuthibitisha kwamba ni kweli.

DeLancey alikataa asilete ushahidi wowote wa ukweli. Hamilton hakubishana naye tena. Aliwageukia wale raia 12. Aliwaeleza kwamba wao wanaishi katika mji huu, wameyaona mambo yenyewe kwa macho yao, na hawahitaji shahidi wa kuwaambia kilichotokea. Aliwaambia wana haki ya kuamua yote mawili, kilichofanyika na kama ni kosa. Alieleza kwamba watu wanaoonewa na mtawala wakinyimwa pia haki ya kulalamika, hawana tena ngao. Na alisema shauri hili si la fundi mmoja maskini wa New York peke yake; linamgusa kila mtu huru katika makoloni yote.

Jaji aliwaelekeza waliachie jambo la kashfa mikononi mwa mahakama. Wakatoka. Hawakukaa muda mrefu. Waliporudi, msemaji wao, Thomas Hunt, alitamka kwamba Zenger hana hatia. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe mara tatu, na jaji aliyejaribu kuzima kelele hizo hakusikilizwa. Siku iliyofuata Zenger alitoka gerezani.

Baada ya ushindi

Cosby alifariki Machi 1736. Mwaka huo huo Zenger alichapa kijitabu kilichoeleza kesi yote, na kikasomwa Amerika na Uingereza. Mwaka 1737 yule fundi aliyenyimwa kazi za serikali akawa mpiga chapa wa serikali wa New York, na mwaka uliofuata wa New Jersey pia. Alifariki tarehe 28 Julai 1746. Anna aliendesha gazeti kwa miaka miwili, kisha akamkabidhi John, mtoto wa mume wake. Gazeti lilifungwa mwaka 1751.

Usidhani kwamba sheria ilibadilika siku ile. Uamuzi wa raia 12 humwachia mtu huru, lakini haufuti kanuni. Kashfa ya uchochezi ilibaki katika vitabu kwa miongo mingi. Kilichobadilika ni kwamba watawala walianza kuogopa kupeleka kesi za namna hiyo mbele ya raia. Mwaka 1791 Marekani, nchi mpya wakati huo, iliingiza katika katiba yake rekebisho la kwanza, linalolizuia Bunge kutunga sheria ya kupunguza uhuru wa kusema na wa magazeti. Gouverneur Morris, mmoja wa walioiandika katiba hiyo mwaka 1787, alikuwa mjukuu wa Jaji Morris aliyefukuzwa na Cosby. Hata hivyo, mwaka 1798 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya uchochezi na wahariri wakafungwa, ingawa safari hii ukweli ulikubaliwa kuwa utetezi. Haki iliyoandikwa katika katiba bado inahitaji mtu wa kuidai.

Wale ambao uhuru huo haukuwafikia

Kuna jambo jingine ambalo tusingekutendea haki kulificha. Mwaka 1741, miaka sita tu baada ya kesi ya Zenger, moto ulizuka mara kadhaa New York, na uvumi ukaenea kwamba watumwa wamepanga njama ya kuuteketeza mji. Watu weusi 30 waliuawa, 13 kwa kuchomwa moto na 17 kwa kunyongwa, pamoja na Wazungu wanne. Ushahidi mwingi ulitoka kwa watu waliokuwa wakijaribu kuokoa maisha yao.

Mawakili Alexander, Smith na Chambers, walewale waliomtetea mpiga chapa, walikuwa upande wa mashtaka. Hakuna hata mmoja aliyesimama kuwatetea watumwa. Mji uleule uliomshangilia Hamilton uliua watu kwa uvumi. Haki ya kusema na haki ya kusikilizwa mahakamani zilikuwa za baadhi ya watu tu.

Inatuhusu vipi sisi?

Sheria iliyomfunga Zenger ilisafiri na wakoloni hadi Afrika Mashariki. Makosa ya uchochezi na ya kuchapisha habari za uongo yaliingizwa katika sheria za jinai za wakati wa ukoloni na kubaki baada ya uhuru. Mahakama za eneo letu zimeyapima kwa kutumia katiba. Nchini Uganda, Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo mwaka 2004, na Mahakama ya Katiba ikafuta kosa la uchochezi mwaka 2010. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2017 kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kashfa ni kinyume cha katiba. Sheria hutofautiana, kwa hiyo uliza sheria ya nchi unayoishi.

Kama wewe ni mkimbizi, yafahamu mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni haki. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 19, linampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kuyaeleza. Halikusema kila raia. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 16, unakupa haki ya kwenda mahakamani. La pili ni mpaka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, kifungu cha 3, unamtaka mkimbizi atii sheria za nchi inayomhifadhi, na unazitaka nchi zizuie wakimbizi kushambulia nchi nyingine ya Afrika kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio, kwa namna inayoleta mvutano kati ya nchi. Vilevile uchochezi wa chuki na wa vita haulindwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 33, inasema hivyo waziwazi.

Kati ya haki na mpaka huo kuna nafasi kubwa, na ndani yake ndimo yalimo malalamiko yako ya kila siku: mgao uliopungua bila maelezo, kiongozi wa eneo anayedai hongo ili akuandike jina, mtoa huduma anayekutukana, kisima kilichoharibika na hakuna anayejibu. Kuyasema hayo si utovu wa shukrani. Nafasi hiyo ni yako pia ewe mwenyeji, unayetumia kisima kilekile.

Unapoyasema, fanya kama mawakili wa Zenger walivyojiandaa kufanya: uwe tayari kuthibitisha. Andika tarehe, mahali na kilichotokea. Tenganisha ulichokiona na ulichosimuliwa. Tafuta mwingine aliyeshuhudia. Wasilisha kwenye dawati la malalamiko au ofisi ya ulinzi, na ukiogopa kulipiziwa kisasi, omba jina lako lisitajwe. Na ujumbe ukikufikia kwenye simu ukidai kabila fulani au kundi fulani linapanga ubaya, kumbuka New York ya mwaka 1741 kabla hujausambaza.

Leo, mahali lilipokuwa jengo la City Hall ambamo Zenger alifungwa na kuhukumiwa, kuna jengo jingine linaloitwa Federal Hall, katika mtaa wa Wall Street, na wageni wanaolitembelea husimuliwa habari za kesi ile. Kijana aliyeshushwa mbele ya mji huo akiwa hana baba, hana lugha na hana pesa, hakuandika sheria yoyote. Alikubali jina lake likae kwenye karatasi, na ilipofika siku ya kulipa, hakulisukuma kwa mwingine.